Kidonge Kimoja cha Babu

Kabla hakujapambazuka, pete ya mume wangu iligonga chuma cha kitanda. Ti. Ti. Kimya kidogo, halafu ti tena. Ndivyo anavyoniita tangu kiharusi kilipomchukulia mkono wa kulia, mguu wa kulia, na karibu maneno yake yote. Pete iko mkono wa kushoto, ule mzima, nayo imepata kazi mpya uzeeni. Ti moja ni kiu. Mbili ni kugeuzwa ubavu. Hizi za kukimbizana, kama mtu anayebisha hodi huku mvua inamnyeshea, ni za siku ya bwawa.

"Nimesikia, Babu," nikamwambia. Namwita hivyo tangu tupate mjukuu wa kwanza. "Jua lenyewe halijaamka."

"Twende," akasema.

Maneno aliyobakiwa nayo ni matatu: twende, hamna, na pumbavu. Daktari alitueleza kwamba matusi hukaa upande mwingine wa kichwa, ndiyo maana hili halikuzama pamoja na mengine. Enzi zake Babu hakuwa mtukanaji hata kidogo. Sasa pumbavu ndiyo salamu yake, asante yake na pole yake. Inategemea sauti. Ukimpa chai akakwambia pumbavu polepole huku amefumba macho, ujue sukari imekaa sawa.

Nikawasha taa, nikafunua shuka miguuni. Kidonda cha kisigino kilikuwa kinanisubiri. Kilianza kama kifungo cha shati, sasa kilishafika kama kifuniko cha soda, na ukingo wake umekuwa mweupe wa kulowana. Nikakisafisha kwa maji ya chumvi, nikakifunga. Hakushtuka. Mguu ule hausikii maumivu, na afadhali ungesikia.

Nesi anayepita mtaani kwetu kila wiki ndiye aliyeleta habari za kupima maji. Alikinusa kidonda, akaniuliza mzee anaogea wapi. Nikamwambia ukweli, kwamba siku mbili kwa wiki anaingia kwenye bwawa la jirani kufanya mazoezi. Hakunigombeza. Alikaa pembeni mwa kitanda, akaweka mkono wake gotini kwangu, mkono wa mtu aliyechoka tangu asubuhi.

"Bibi, sikukatazi," akasema. "Maji yakiwa safi, tunafunika kidonda na plasta ya mpira, anaingia. Yakiwa mabaya, vijidudu vitapita hapa mpaka kwenye mfupa, na mimi sitakuwa na la kufanya, mguu utakatwa. Mwambie fundi ayapime yote, mpaka hiyo dawa ya kukinga klorini. Yakifaa, aingie. Yasipofaa, hata mara moja tu, hapana."

Basi asubuhi hiyo ndiyo ilikuwa ya kupima. Babu alijua. Alikataa kuvaa suruali, akaidai kaptura yake ya kuogelea kwa kuivuta kutoka kwenye kamba ya nguo. Nikamvalisha. Nikamfunika magoti kwa kanga, maana alfajiri ilikuwa na baridi.

Niseme bwawa lilikuwa nini kwake. Nchi kavu Babu hasimami. Ukimwinua ananing'inia kama koti. Lakini ndani ya maji, kifua kikizama, uzito unamtoka, anasimama. Mara ya kwanza alipofanya hivyo alitazama chini, akaiona miguu yake miwili imesimama, akasema "pumbavu" kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane. Kwenye mazoezi ya viungo hospitalini walituambia mguu usiposimamishwa mara kwa mara utajikunja, na ukishajikunja hautanyooka tena. Ndani ya maji ulikuwa unanyooka. Alishaanza kutembea, ameshika bomba la pembeni, na sasa alikuwa amejiwekea safari yake: kuliachia bomba, kufika katikati kwa samaki.

Samaki ana hadithi yake. Jirani yetu mwenye bwawa tunamwita Bi Marumaru, na yeye mwenyewe analipenda jina hilo. Marehemu mumewe alikuwa na duka la marumaru, na nyumba yao imetandikwa marumaru kila mahali, mpaka bandani kwa kuku. Aliyezitandika zote ni Babu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Bwawa alilijenga kwa marumaru zilizosalia dukani, za kijani, za maziwa, za kahawia zenye maua, na katikati ya sakafu akaweka moja yenye picha ya samaki wa bluu. Siku hiyo walikuwa wanabishana, yeye na marehemu, juu ya mpira. Walipokuja kutazama, saruji imeshakamata na samaki yuko kichwa chini tumbo juu.

"Bwana wee," marehemu akasema, akikaa chini kwa kucheka, "bwawa halijatiwa maji, samaki ameshakufa!"

Babu aliapa atamgeuza. Kila mwaka aliapa. Marehemu akafa samaki akiwa chali vilevile.

Babu alipoanguka, Bi Marumaru alikuja kumtazama kitandani. Hakusema mengi. Wiki iliyofuata nikasikia nyundo upande wa ukuta unaogawa nyumba zetu. Alikuwa ameita mwashi atoboe mlango, mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu, bila kizingiti, ili tusizunguke barabarani kwenye mashimo. Sikumwomba. Alisimama pale na vumbi kichwani akaniambia, "Kule kwangu kuna maji yanakaa bure, jirani. Mlete shemeji."

Kwa mlango huo tukapita asubuhi ile. Yeye alishaamka, amekaa kwenye ngazi ya baraza na kikombe chake.

"Shemeji, umekuja kumgeuza samaki?" akamuuliza, kama kawaida yake.

"Pumbavu," Babu akajibu, kama kawaida yake.

Nikasogeza kiti mpaka ukingoni. Maji hayakuwa kama yalivyokuwa zamani. Yalikuwa yamepauka, yamechoka, na kwenye kona isiyopata jua maungio ya marumaru yalikuwa na utelezi wa kijani. Samaki alionekana kwa shida. Bi Marumaru alikuwa ameisugua ile kona kwa mswaki, niliuona umeachwa pale pembeni, nywele zake zimelala. Alikuwa ameisugua usiku uliopita, ili fundi asiuone utelezi.

Fundi wa bwawa akafika jua linachomoza. Ni mtu mzima mwenye watoto wake, mrefu, mkimya, na ana tabia moja ninayompendea: kabla hajamshika Babu husugua viganja vyake kwenye suruali mpaka vipate joto.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mama. Mzee wa kazi, shikamoo."

"Pumbavu."

"Marahaba imefika," akasema fundi, na sote tukacheka, hata Babu kwa ule upande wa uso unaocheka.

Alifungua kisanduku chake. Ndani mlikuwa na kichupa kipya cha dawa ya kupimia, bado kimefungwa. Dukani kwetu haikuwapo kwa miezi mingi, na muda wote huo alikuwa anapima klorini peke yake, nayo kila mara anaikuta ipo. Hii ameifuata mji mwingine, siku yake ya mapumziko. Hakusema. Niliona tiketi ya basi imekunjwa mle kisandukuni.

"Nieleze tena kama mjinga," nikamwambia.

"Wewe si mjinga, bibi. Klorini ndiyo inayoua vijidudu. Lakini jua likiipiga, haifiki jioni. Kwa hiyo tunaikinga na dawa nyingine, stabilaiza. Mimi naiita mwavuli. Mwavuli mdogo ni mzuri, klorini inakaa chini yake na inafanya kazi. Mwavuli ukiwa mkubwa kupita kiasi, klorini inalala tu humo chini. Ukiipima unaikuta. Lakini haiui kitu."

"Na huo mwavuli unaisha baada ya muda gani?" akauliza Bi Marumaru.

"Hauishi, mama. Jua haliumalizi, chujio haliukamati. Unatoka na maji yakimwagwa."

Bi Marumaru akaweka kikombe chini.

Fundi akapiga magoti, akaingiza chupa tupu kichwa chini mpaka maji yakamfika kiwiko, ndipo akaigeuza ijae. Akachanganya maji na dawa, nusu kwa nusu, akatikisa taratibu. Mchanganyiko ukageuka mweupe, kama maji yaliyosuuza sufuria ya maziwa. Kisha akatoa mrija mwembamba wa plastiki wenye nukta nyeusi chini kabisa, akasimama kulipa jua mgongo, mrija ameushika usawa wa kiuno, akaanza kudondosha. Ule weupe unapanda, wewe unatazama kwa juu. Nukta ikipotea, unaacha, unasoma umefika wapi. Ikipotea mapema, mwavuli ni mwingi.

Nukta ilipotea papo hapo. Mrija ulikuwa bado karibu mtupu.

"Umekosea," akasema Bi Marumaru.

"Huenda, mama. Na kipimo chenyewe hakifiki huko. Nitapima tena, maji ya bwawa nusu na maji safi nusu. Mna maji ya bomba?"

Bomba lilikuwa halijatoa kitu tangu wiki iliyopita. Mji mzima ulikuwa hivyo. Bi Marumaru akaingia ndani, akatoka na maji yake ya kunywa kwenye glasi ya wageni, ile yenye ukingo wa dhahabu, kama vile fundi ndiye mgeni anayetiliwa.

Fundi akachanganya. Kisha akachomoa uzi mwekundu kwenye ukingo wa shati lake lililokuwa linafumuka, akaufunga kwenye mrija, kama katikati.

"Ukifika kwenye uzi na nukta bado inaonekana," akasema, na alikuwa anamwambia Babu, "mzee anaingia sasa hivi, na mimi naingia naye na nguo zangu. Ikipotea kabla ya uzi, basi."

"Basi nini?" akauliza Bi Marumaru.

Fundi akadondosha. Tone, na tone. Sisi wanawake wawili tumemwinamia kama tunachungulia mtoto kwenye kitambaa.

"Naiona!" akasema Bi Marumaru. "Ile pale, nyeusi tii!"

Fundi akasita. Akapangusa macho kwa mkono wa shati. "Mimi... sina hakika. Bibi, wewe?"

Nikatazama. Kulikuwa na weupe, na ndani ya weupe kulikuwa na kitu, au hakikuwapo. Nilimwona Babu pembeni ya jicho langu, kaptura yake, mguu wake umefungwa plasta, mkono mzima uko tayari kwenye gurudumu.

"Kama ipo," nikasema.

"Kama ipo ni ipo au haipo, bibi?"

"Nimeshasema naiona," Bi Marumaru akaingilia. "Macho yangu mazima."

"Mama, unaikumbuka," fundi akamwambia kwa upole. "Huioni."

"Haya, mpe mwenyewe!" akasema Bi Marumaru. "Mpe shemeji. Mtu amekula kwa pimamaji miaka yote, atashindwa na kijimrija?"

Alisema hivyo kwa uhakika kwamba Babu atasema ipo. Na mimi, nisifiche, nilipata matumaini hayo hayo. Ni nani angejinyima? Lakini nilimjua pia. Nilimwona siku moja akivunja ukuta aliokwishamaliza, mwenye nyumba amesharidhika, kwa sababu kipovu cha pimamaji kilisimama pembeni kidogo tu ya mstari. Alirudi nyumbani usiku amejaa vumbi, akala, akalala usingizi mzuri.

Fundi alimwaga, akasuuza, akaanza upya mbele ya Babu. Alichuchumaa, akageuza kiti kidogo ili jua liwe mgongoni, akauweka mrija chini ya macho yake.

Tone. Babu akatazama. Tone. Aliinamisha kichwa kama alivyokuwa akiinamisha kazini, ameng'ata ulimi kidogo pembeni. Tone. Weupe ulikuwa bado mbali na uzi, upana wa vidole viwili.

"Hamna," akasema Babu.

"Mzee, tazama tena. Taratibu."

Akatazama tena. Alitazama muda mrefu kuliko sisi sote. Kuku mmoja alipita kwenye marumaru, kucha zake zikisikika.

"Hamna."

Kisha, kwa kuwa fundi alikuwa ameinamisha kichwa, Babu akauinua mkono wake mzima, akampigapiga begani. "Pumbavu," akamwambia. Ndiyo pole yake hiyo.

Nikaivuta kanga, nikamfunika magoti tena.

Fundi alikuwa anafikiri. Alikwenda kwenye kile kikopo cha plastiki kinachoelea, ambacho hutiwa vidonge vya klorini, akakivuta kwa fimbo, akakifungua. "Naweka viwili kila wiki," akasema, kama anajisemea. "Viwili tu. Na vidonge hivi vina mwavuli ndani yake, ndiyo, lakini kwa viwili isingefika hapa. Isingefika hata karibu." Akatugeukia. "Kuna mtu anaongeza?"

Bi Marumaru alikaa chini kwenye ngazi. Alikaa vibaya, kandambili moja ikamtoka.

"Kimoja," akasema. "Kimoja tu cha Babu."

Hatukuelewa. Akasema tena.

"Kila jioni ambayo kesho yake mnakuja. Nilikuwa naongeza kimoja. Nilijua ana kidonda. Nilijua mwili wake hauna nguvu. Nikasema, mgonjwa anaingia, hebu maji yawe safi zaidi kidogo. Nilikuwa naweka na kuomba, naweka na kuomba." Alitutazama mmoja mmoja. "Jamani, si ni dawa?"

"Ni dawa, mama," fundi akasema.

"Si imeandikwa inaua vijidudu?"

"Imeandikwa."

"Basi nimefanya nini?"

Fundi alivua kofia. Alisema kosa ni lake, angepima mapema, angesafiri mapema kuitafuta dawa. Alisema hivyo mara mbili. Sikumwamini, na Bi Marumaru hakumwamini, lakini nilimshukuru moyoni kwa kuubeba mzigo ambao haukuwa wake, hata kama aliubeba kwa dakika chache.

Nilikwenda nikakaa na jirani yangu pale ngazini. Nikamrudishia kandambili mguuni. Nilifikiria jioni zile zote, mimi nikiwa upande wangu wa ukuta nikianua kaptura ya Babu, na yeye upande wake, peke yake, akitembea na kidonge mkononi kwa ajili yetu. Mtu angenifanyia hivyo tena, ningempokea tena. Lakini mguu wa Babu ulikuwa pale mbele yetu, na kisigino chake.

"Yamwagwe," Bi Marumaru akasema mwishowe. "Yatolewe yote, tujaze mapya."

Fundi akatazama bomba la bustani, lililokauka mpaka mdomo wake una kutu. Idara ya maji ilikuwa imekataza kujaza mabwawa mpaka mvua zinyeshe. Maboza ya maji yalikuwa yanapeleka hospitali na shule tu. Hoteli zenyewe zilikuwa zimefunga mabwawa yao.

"Nitakwenda idarani mimi mwenyewe," akasema Bi Marumaru. "Nitawaeleza ni mgonjwa."

Alikwenda kweli, kesho yake, amevaa gauni lake la kutokea. Alirudi saa tisa na kupita kwangu kabla hata hajavua viatu.

"Ofisa mwenyewe mtu mzuri," akaniambia. "Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa kiti. Akaniambia ana mama yake naye kiharusi. Kisha akaniletea glasi ya maji." Akacheka, na kicheko kikageuka katikati. "Glasi ya maji, jirani. Kama vile nimeomba ya kunywa."

"Uliyanywa?"

"Niliyanywa. Ningefanyaje? Amenitilia kwa mikono miwili."

Siku zilizofuata Babu alikuwa anagonga pete. Asubuhi ya siku ya bwawa, na ya pili yake, ti ti ti, za kukimbizana. Nilimwambia, "Leo hakuna, Babu." Alijua. Yeye ndiye aliyesema hamna. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea. Nilimfanyia mazoezi kitandani kama nilivyofundishwa, nikinyoosha goti kwa mikono yangu, nikihesabu kwa sauti. Goti lilifika mahali likakataa. Kila siku lilikataa mapema zaidi kidogo. Nikimwachia, lilirudi lenyewe, kama mlango wenye springi.

Nesi alipokuja nilimwambia matokeo. Alikitazama kidonda, akasema angalau hakijaenda kwenye mfupa. Alisema tulifanya vizuri kupima. Akalinyoosha lile goti naye, akajaribu mara tatu, kisha akalifunika na shuka na kulibembeleza juu ya shuka. Nilielewa.

Maji hayakuweza kuachwa. Yalianza kunuka, na mbu walikuwa wameshayaona. Bi Marumaru mwenyewe ndiye aliyesema, "Siwezi kuamka kila siku nikayatazama." Fundi akaleta pampu asubuhi moja, akalaza mpira mrefu mpaka getini. Watu wa mtaani walipoona wakaja na ndoo, madumu, mabeseni, wapate maji ya kumwagia chooni na kufutia sakafu. Fundi akawaambia, "Si ya kunywa, si ya kupikia, si ya kuogeshea watoto," kwa kila aliyefika, mmoja mmoja, hakuchoka. Mwanamke mmoja aliyebeba ndoo kichwani alipiga goti kidogo mbele ya Bi Marumaru, akamwambia Mungu akuzidishie. Bi Marumaru akaitikia amina, na macho yake yalikuwa mbali.

Babu alitaka kuwapo. Nikampeleka kwa mlango wetu. Tulikaa ukingoni mpaka pampu ikaanza kukohoa na kunyonya upepo, na fundi akaizima. Chini kulibaki madimbwi machache na majani. Marumaru za kijani, za maziwa, za kahawia zenye maua, zote zilikuwa wazi, na ngazi zile pana, na bomba la kushikia lililong'aa mahali pamoja tu, pale mkono wake ulipokuwa ukishika. Na katikati, samaki wa bluu, chali.

Haikuwa mbali mpaka kwa samaki. Sikujua kwamba haikuwa mbali hivyo. Ndani ya maji ilikuwa safari.

Babu alimtazama samaki. Kisha akashika gurudumu kwa mkono wake mzima, akasukuma kuelekea ngazi.

"Twende," akasema.

Nikashika kiti. "Babu, hamna maji."

"Twende." Alisema bila hasira. Alisukuma tena, kiti kikazunguka kidogo kwa upande mmoja, maana mkono ni mmoja. "Twende. Twende."

Fundi aligeuka akaanza kukunja mpira, na aliukunja vibaya, akaukunjua, akaukunja tena. Mimi niliendelea kushika kiti mpaka mkono wa Babu ukachoka ukaanguka pajani. Nikauchukua, nikaupangusa, ulikuwa na kutu ya gurudumu.

Bi Marumaru alikuwa amesimama nyuma yetu muda wote huo. Hakumtania juu ya samaki. Alikuwa ameleta chai, vikombe vinne kwenye sinia, na hakuna aliyevichukua.

Fundi akaaga. Alisugua viganja vyake kwenye suruali, akamshika Babu mkono, akauacha polepole. Babu hakumwambia kitu, hata pumbavu.

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya paa. Nikafungua breki ya kiti, nikamgeuza kuelekea mlango wa ukutani. Magurudumu yalipita kwenye marumaru bila kelele, Babu alikuwa amezitandika sawasawa, hakuna hata moja iliyoinuka. Nilikuwa nimeshafika kwenye mlango niliposikia kandambili zikitukimbilia.

"Jirani."

Nikasimama. Alikuwa bado ameshika sinia, chai inamwagika kwenye visahani.

"Huu mlango," akasema. "Mwashi aliniuliza jana kama nataka auzibe, kwa kuwa bwawa limekwisha. Nimemfukuza." Akautazama mlango. "Nimemfukuza, lakini sikuwauliza nyinyi."

"Usizibwe," nikamwambia.

Alimzunguka Babu mpaka mbele, akainama ili nyuso zao zitazamane.

"Shemeji," akasema, "najua hapa kwangu hakuna tena cha kujia. Najua ni mimi. Lakini siku zile zenu, mje tu. Mkae hata kidogo. Mtakuja tena?"